Mbwa wa Asante

Mbwa wa kwanza aliletwa na jirani wa chumba cha mbele, fundi viatu, na tangu siku ile salamu kati yake na Dobi zimekuwa za kuokoteza. Dobi alimwuliza swali moja tu, tena lililonyooka: huyu mbwa ataelewana na paka? Fundi viatu akajibu bila hata kuinua macho kutoka kwenye soli yake, "Paka? Amewazoea hao." Dobi, mwanamke wa watu, akashukuru na kumfungulia geti kwa mkono wake mwenyewe. Kumbe kweli alikuwa amewazoea, amezoea kuwatoa mbio. Kufumba na kufumbua paka wote watatu wako juu ya bati, kamba ya nguo imekatika, na mashuka ya wateja yako chini yamepigwa mihuri ya matope. Mashuka hufuliwa upya, hayo hayakumtoa Dobi machozi. Kilichomliza ni kwamba paka waligoma kushuka mpaka mbwa alipoondolewa kesho yake, na muda wote huo baba yake hakutia kitu mdomoni.

Baba mwenyewe mtaa mzima ulimwita Fundi. Maisha yake yote alikuwa chini ya magari, kwenye gereji ya wazi ng'ambo ya barabara kuu, mpaka kiharusi kilipomkuta huko huko na spana mkononi. Kilimlegeza upande mmoja, baadaye kikamrudishia kiasi cha kutembea na mkongojo, ila maneno kiliyabeba yote kikamwachia moja. "Shika." Na si ajabu kumwachia hilo, maana ndilo alilolisema kuliko yote: shika spana, shika taa, shika hapa nikaze. Sasa akitaka maji, shika. Chai ikimuunguza, shika. Akimuulizia mkewe, ambaye alikwisha kufariki, shika, kwa sauti ya chini inayopanda mwishoni, na hiyo ndiyo Dobi alikuwa haiwezi.

Mwanzoni alikuwa akiitikia kila mara. Mzee akimnyooshea kijiko, shika, Dobi anapokea kwa mikono miwili, asante baba, kwa kuwa ndivyo walivyolelewa. Fundi hakupi kitu ukakipokea kimya. Gerejini, mwanafunzi aliyechukua spana bila asante alinyang'anywa na kupewa upya, hata kama gari liko juu ya jeki na mwenye gari amenuna pembeni. Lakini jamani, mtu ana marundo ya nguo za kufua, ana makola ya kutia wanga, ana pasi ya mkaa inayopoa akigeuka kidogo tu. Shika za kutwa nzima zinachosha. Asante zikapungua, zikakatika kabisa. Siku hizi Dobi alipokea tu, macho kwenye pasi, na mkono wa mzee ulibaki hewani kidogo kabla ya kushuka.

Paka walikuwa wa marehemu mama, ila majina aliwapa Fundi, enzi za maneno yake: Spana, Nati na Boliti. Spana ndiye mkubwa wao, jike lenye sikio moja bovu na maringo ya mama mkwe. Sasa mzee hali peke yake. Anamega kipande, anamnyooshea Spana, shika, anamnyooshea Nati, shika, Boliti, shika, ndipo na yeye anakula, taratibu, mpaka sahani inaisha. Paka wasipokuwepo anafumba mdomo, na hapo uje na kijiko, uje na machozi, uje na daktari, haufumbuki.

Tabu nyingine ilikuwa miguu yake. Dobi akigeuka kupiga pasi, mzee huyoo, anakwenda gerejini kwake, ambako siku hizi wanauza matangi ya maji. Geti halifungwi kwa kufuli kwa sababu ni la wapangaji wote, kila mtu anatoka na kuingia. Mara ya mwisho dereva wa lori alikanyaga breki katikati ya barabara kuu, matairi yakalia mpaka watu wakatoka madukani. Walimwuliza mzee anakaa wapi, akawajibu jibu lake. Walimrudisha jioni, kiatu kimoja hana.

Hapo kaka yake Dobi, mkubwa wao, akasema yametosha. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameogopa, na yeye tangu utotoni akiogopa hutoa amri. Jumamosi angekuja na gari amchukue baba akakae kwake, kwenye ukuta na geti la kufuli. Dobi akamkumbusha mara ile ya kwanza. Nyumbani kwa kaka hakukai paka, kwa kuwa wifi akisogelewa na paka anavimba macho na kukosa pumzi, na mzee alifumba mdomo huko mpaka akarudishwa mifupa mitupu. Kaka akasema safari hii hospitali watamlisha kwa mpira wa puani. Dobi akamwona kabisa baba yake amefungwa mikono ili asiuchomoe mpira, na wa kumwambia shika hana. Alijua atakufa, tena kwa njaa, ndani ya nyumba yenye friji mbili.

Akaapa kwamba kabla ya Jumamosi atakuwa na mbwa wa kulala mlangoni kwa mzee, wa kubweka kila akiinuka. Bila mbwa, baba anaondoka. Bila paka, baba hali. Walitakiwa wote, tena wakae kwa amani.

Akaenda dukani kwa daktari wa mifugo kuomba ushauri. Daktari akamwambia aachane na watoto wa mbwa, kuwafunza ni kazi ya miezi; atafute mbwa mzima aliyekwisha kukaa na paka. Na asimwulize mwenye mbwa, amwulize mbwa mwenyewe: amwonyeshe paka, kisha amtazame macho. Akikaza macho, mwili ukakakamaa, ukamwita hasikii, huyo mwache alipo. Akitazama kisha akakugeukia wewe, huyo chukua. Na hata akionekana malaika, nyumbani akae na kamba wiki nzima.

Dobi akamwachia mpangaji mmoja amtazame mzee, akachomoa foronya ya mto wanaolalia paka, kitambaa pekee katika nyumba ile ambacho hakikuwahi kuona sabuni, akazunguka nacho mjini kama mwendawazimu. Mbwa wa muuza nyama aliinusa akaanza kudondosha mate. Mbwa wa nyumba ya ghorofa, ambaye mama mwenye nyumba alimsifia mpaka ukoo, alimwona paka juu ya ukuta akawa jiwe. Dobi akamwita, mama akamwita, mpishi akamwita kwa mfupa, wapi. Wa tatu alikuwa mtulivu ajabu, paka anapita mbele yake hana habari, na Dobi akaanza kutabasamu mpaka alipogundua kwamba ni kipofu. Siku hiyo alirudi kwa miguu, akaketi uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia wazi wazi huku wapangaji wakipita na kumkwepa. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Ijumaa asubuhi akaja mteja wake wa siku nyingi, mlinzi wa ghala la nafaka, mzee mwembamba asiyeinama, na sare zake mkononi. Dobi akamwamkia shikamoo, mzee akaitika marahaba. Alitaka sare zifuliwe na kunyooshwa kwa mara ya mwisho, azirudishe ofisini. Ghala limefungwa kamera, na yeye ameambiwa aende akapumzike. Dobi akampa pole, akauliza kwa mazoea tu, na yule mbwa wako je? Mlinzi akasema mbwa naye kamera zimemfuta kazi, na kwa mwanawe anakokwenda hakuna nafasi ya mbwa. Watakaoumia zaidi, akasema, ni paka wa ghala, maana ndio wanaolala naye.

Dobi akaweka pasi chini. Safari hii hakukubali kudanganywa na neno.

"Mzee, amewazoea au wamemzoea?"

"Wamemzoea," mlinzi akasema. "Wanamkalia mpaka kichwani."

Jumamosi mapema alikuwa ghalani na foronya yake. Alipofungua kinywa kumwamkia mlinzi, hata neno halijatoka nusu, mzee akanyanyua kiganja haraka. Hapa tunaulizana habari tu, mwanangu, akasema, zile za heshima ni huko nje. Dobi akadhani mzee hataki kuzeeshwa mbele ya wapakuzi, akacheka moyoni, akamwuliza habari za asubuhi.

Mbwa alikuwa mkubwa, wa rangi ya vumbi, mdomo umeota mvi. Katikati ya miguu yake ya mbele alilala paka, na paka mwingine alikuwa akimlamba sikio. Dobi akamwekea foronya. Mbwa akainusa, akashusha pumzi ndefu, akalaza kidevu juu yake. Mlinzi akamtoa paka mmoja mbio mbele ya pua yake kabisa; mbwa akamtazama anavyokimbia, kisha akamgeukia mlinzi kama anayeuliza kulikoni. Dobi akaketi juu ya gunia.

Mlinzi akamkabidhi kamba. Akasema huyu ni mbwa wa kazi na ana maneno yake mawili. La kumtuma halisemwi ovyo, asogeze sikio amnong'oneze. Dobi akasema hapana, mzee, mimi sina wa kumtumia mbwa, namtaka akae tu mlangoni. Mlinzi akasita, kisha akasema haya, labda ni heri asilijue.

"Lakini akishamaliza kazi, mwambie asante," akasema. "Usimwambie kingine. Niache, niache, kila mwizi anajua kusema."

Akacheka kidogo na kugeuza uso. Dobi akaona ni uchungu wa kuagana, mzee anataka rafiki yake ashukuriwe. Akaahidi, akaondoka upesi, kwa sababu kaka angefika mchana.

Nyumbani Fundi alikuwa bado amelala na dawa zake. Dobi akamfunga mbwa kwenye nguzo ya kamba za nguo, akasubiri roho mkononi. Nati akavimba mkia na kupanda pipa. Boliti akafoka kutoka mbali. Spana akaja moja kwa moja, akamnusa pua kwa pua, akampiga kofi moja la kumweka sawa, na mbwa akafumba macho. Basi Spana akajilaza kwenye kivuli chake kama amekilipia kodi. Dobi akacheka kwa sauti mpaka fundi viatu akachungulia. Mara moja tu kitu kilimshtua. Watoto waliokuwa wakipita getini walimwamkia fundi viatu shikamoo, wote kwa pamoja, na mbwa akasimama wima, masikio juu, akimtazama Dobi kama anayengoja kuonyeshwa kitu. Dobi akamwambia atulie, akatulia. Akadhani ni ugeni.

Kaka akafika, akaegesha gari mbele ya geti. Kiti cha nyuma kilikuwa kimekwisha kutandikwa shuka. Lile shuka lilimchoma Dobi. Akataka kaka aone kwa macho yake mbwa huru na paka huru, siyo mbwa wa kamba. Maneno ya daktari kuhusu wiki nzima hakuyasahau. Aliyakumbuka vizuri, na bado akamfungua.

Kaka akaketi kwenye stuli akimtazama Spana anavyopita chini ya tumbo la mbwa akienda na kurudi. Hata yeye akaanza kulegea. Akasema mbwa mwenyewe anaonekana mtu mzima. Ndipo Fundi akatoka na mkongojo wake, akaketi kwenye kiti chake cha kila siku, Dobi akamwekea sahani ya wali na samaki, na paka wakasogea.

Mzee akamega kipande, akamnyooshea Spana mkono.

"Shika," akasema.

Mbwa hakubweka wala kunguruma. Alifuata mkono ulikoelekea, na papo hapo Spana akawa mdomoni mwake, ameng'atwa begani, miguu inapiga hewa. Sahani ikaanguka. Dobi akapiga yowe, akamwambia acha, mwachie, toka, kila neno alilolijua, mbwa hasikii hata moja. Kaka akampiga teke la mbavu. Mbwa akayumba, hakuachia. Spana akatoa mlio ambao Dobi hakuwahi kuusikia kwa mnyama. Na mzee wa watu, mkono bado umenyooshwa, alikuwa akipiga kelele kwa nguvu zake zote aachiwe, aachiwe paka wa mke wake, na kila alichokisema kilitoka vile vile. Shika! Shika! Shika!

Kwa kila shika Dobi aliona taya zikikaza. Hapo akili ikamjia yote kwa mkupuo: salamu iliyokatizwa ghalani, watoto getini, neno ambalo mlinzi alitaka kumnong'oneza na yeye akajitia hana haja nalo. Alikuwa amechagua, katika mbwa wote wa mji mzima, mbwa anayetumwa kwa neno pekee alilobakiwa nalo baba yake. Akamrukia mzee na kumziba mdomo. Alimziba baba yake mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, kichwa cha mzee kimebanwa kifuani mwake, na neno likawa bado linamsukuma kiganjani, machozi ya mzee yanampitia katikati ya vidole. Kaka alikuwa ameokota pasi yenye moto. Alikuwa anamzunguka mbwa, anatafuta pa kumpiga bila kumuua paka.

Dobi akamwachia mzee. Hakuweza kuendelea. Fundi hakupiga kelele tena, pumzi ilikuwa imemwishia. Alimtazama binti yake, kisha akamnyooshea yeye kile kipande cha samaki, kilichokwisha kubondeka mkononi. Alikuwa anatoa alichokuwa nacho.

"Shika," akasema, chini chini, kama anayeomba.

Dobi alinyoosha mikono yote miwili akapokea. Maneno ya mlinzi hayakuwepo kabisa kichwani mwake. Alikuwa tu hana kingine cha kumpa mzee.

"Asante, baba."

Mbwa akafungua mdomo.

Spana akadondoka, akajikokota mpaka chini ya pipa, bega linavuja damu, akaanza kujilamba. Mbwa akaketi na kumtazama Dobi, mpole vile vile kama asubuhi. Kaka, pasi bado mkononi, akasema mbwa huyu anaondoka leo na baba anaondoka leo. Dobi hakujua afanye nini na kile kipande, akakitia mdomoni, akatafuna huku analia. Mzee alimtazama mpaka akameza. Kisha akainama, akaokota samaki pale kwenye sahani iliyoinama, akala. Dobi alikuwa amepeleka vijiko visivyo na idadi kwenye mdomo ule uliofumbwa, na haikuwahi kumjia kwamba yeye ndiye atangulie kupokea.

Mzee akamega tena. Akamgeukia mwanawe mkubwa, akanyoosha mkono.

"Shika."

Mbwa akasimama, akautazama mguu wa kaka.

"Weka pasi chini," Dobi akasema taratibu. "Pokea kwa mikono miwili. Mwitikie."

Kaka alikuwa mtu mwenye gari na ofisi, na tangu kiharusi kiingie alikuwa mletaji tu: dawa, unga, amri. Kupokea alikuwa amesahau. Akaweka pasi chini, akapiga magoti kwenye wali uliomwagika, akapokea. Akabaki anakitazama kile kipande. Mbwa akasogea hatua moja.

"Asante, baba," akasema, na mbwa akalala.

Kaka alikula kipande chake, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akauliza bila kumtazama dada yake kama ataweza. Kila shika? Kutwa nzima, kila siku? Na siku akipitiwa, moja tu? Dobi akamtazama Spana chini ya pipa, akayatazama marundo ya nguo za watu ambazo hazijaguswa pasi. Hakujua kama ataweza. Alikuwa amechoka leo, jana na mwaka jana, na hofu ilikuwa imemwingia mpaka kwenye kucha. Mzee alikuwa anamega kipande kingine. Dobi akajifuta mikono kwenye gauni, akaikinga yote miwili.